Herufi K

Herufi K ilikufa wiki ya Pasaka.
Haikuaga. Niliibonyeza, ikabonyea kama kitumbua,
na kwenye kioo pakabaki peupe.
Na ife wapi, kama si huku Uyole,
ambako kila wa pili ni Mwakalobo, Mwakitalu, Mwakyoma,
na wote wanataka barua ya kuomba kazi.

Sasa K ninaiazima.
Naitafuta kwenye barua ya zamani, nainakili, naibandika,
moja moja, kama anayechambua maharage gizani.
Ukurasa mmoja wa ripoti ya mwanafunzi wa kilimo
ulikuwa na K mia mbili na kumi. Nilizihesabu.
Bei yangu bado ni mia tano.

"Si ununue kibodi ya pembeni," anasema kila apitaye.
Tundu zima limebaki moja, nalo ni la printa.

Lugano fundi ameifungua mara tatu,
feni yake inanguruma kama mashine ya kusaga.
"Dada Tusekile, vumilia. Mwezi wa tisa zinaingia mpya,
hizi za sasa zitashuka."
Mwaka jana pia alisema mwezi wa tisa.
Shemeji yangu anapiga simu toka Tunduma, malori yakipiga honi nyuma yake:
"Dola inapanda! Ukilala leo utaamka laki moja nyuma."
Wote wawili wana uhakika.
Hakuna aliyenipa hata shilingi.

Mama hajui kompyuta. Anajua viazi.
Mwaka ule, Isongole, aliuza mapema, gunia elfu thelathini na tano;
wiki tatu baadaye likafika sabini.
Alilia jikoni, akasema ni moshi.
Mwaka uliofuata akangoja.
Viazi vikaota macho, macho yakaota mikia,
tukalishia nguruwe.
Nilimwuliza, sasa kosa lilikuwa lipi?
"Kuwauliza wenye malori," akasema, akaendelea kumenya.

Kwenye kopo la maziwa mna laki sita na ishirini.
Zilikuwa zaidi; Januari ada ya Bupe ilizimega.
Ile ninayoitaka, pale Mwanjelwa, ni laki nane na nusu,
imetumika lakini haina mkwaruzo.
K yake nimeibonyeza mwenyewe, mara nne,
mwenye duka akinitazama mkono.

Juzi usiku, baridi ya Julai ikipenya chini ya mlango,
wakagonga vijana wawili:
ratiba ya mazishi, nakala mia, kabla ya saa mbili asubuhi.
Marehemu aliitwa Kabuje Mwakikuti.
K tatu. Nikazibandika moja moja,
mdogo wao akilia kimya nyuma ya bega langu,
nami nikaona haya:
mtu amekufa, na mimi namshona jina kwa viraka.

Walipoondoka nikafungua ukurasa mtupu, ili niamue.
Upande huu nikaandika: ununua.
Upande ule: ungoja.
Nikacheka peke yangu, feni ikaitikia.
Nikajaribu kesho. Ikatoka esho.
Nikajaribu leo. Leo ikatoka nzima.
Nikadhani nimepata jibu,
hadi vidole vikaandika subiri,
nayo ikatoka yote, haikukosa hata herufi.
Deni likatoka safi kuliko yote.

Kumekucha. Ukungu umekalia mabati.
Kopo sijaligusa. Mwanjelwa nitakwenda Jumamosi,
au Jumamosi ile nyingine.
Mteja wa kwanza anapangusa matope mlangoni,
binti, kaja na bahasha na picha mbili ndogo.
"Jina?"
"Sekela Kyando."
Faili la mazishi bado liko wazi.
Naazima K ya marehemu,
nampa.